Nililipia mizani yangu ipimwe, na pakiti ya chumvi ndo ikaniumbua

Nyota tatu na nusu kati ya tano kwa kampuni iliyokuja kunipimia mizani. Naziweka mbele manake najua wengine mtasoma mpaka hapo tu mrudi kwa shughuli zenu, lakini kama una duka, unapaki unga ama tende ama achari, unauza samaki kwa kilo, una mizani yoyote ile inayokuletea riziki, ebu kaa kidogo, hii stori ni ya pesa yako.

Mie napaki viungo. Niko Majengo, Mombasa, mbele duka, nyuma chumba cha kusagia na kupakia, tuko watu wanne ukimhesabu mwanangu ambaye huja akitoka koleji na akijisikia. Pilau masala, iliki, mdalasini, bizari nyembamba, pakiti za gramu 50 na za gramu 100. Nina mizani mbili. Moja iko kaunta, inabeba kilo 6, hiyo ni ya wateja wa rejareja. Ya pili ni ndogo iko ndani, inabeba gramu 600 na inasoma mpaka pointi ya gramu, hiyo ndo ya kupakia. Sasa mwaka jana supamaketi moja (sitaitaja, bado nadai) ikakubali kuchukua mzigo wangu, furaha tele, nyumbani tukapika biriani kabisa, halafu dada wa manunuzi akanitumia orodha ya makaratasi wanayotaka na katikati pale kumeandikwa cheti cha kalibresheni ya mizani.

Nikamjibu, dada, mizani yangu ina stika ya mwaka huu. Akaniambia, Mama, stika si cheti. Nikaona huyu ananizungusha tu, nikanuna siku mbili. Kumbe yeye ndo alokuwa sawa na mie ndo sijui, na nimeuliza wenzangu kumi hapa mtaani wenye mizani, wote kumi wanajua stika, hakuna anayejua hiyo ingine.

Iko hivi. Ule mhuri na stika ni mambo ya Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513. Mizani yoyote ya biashara inatakiwa ikaguliwe na afisa wa vipimo, na tangu katiba ya 2010 kazi ya kusimamia biashara iko kaunti, kwa hivyo ndo unaona wale maafisa wa kaunti wanatangaza siku wanakuja mahali fulani na watu wanapanga foleni na mizani kichwani. Wanaweka mawe yao, wakiona mizani inakosea ndani ya kiwango kinachokubalika wanapiga mhuri, ikizidi wanaikataa. Basi. Ni kama mtoto kuletewa matokeo yameandikwa amefaulu bila alama. Umefurahi, lakini amepata 95 ama 51? Cheti cha kalibresheni ndo kinakwambia alama. Kinakwambia ukiweka gramu 100 mizani yako inasema ngapi, ukiweka 500 inasema ngapi, na pia kinakwambia huyo aliyepima mwenyewe anaweza kuwa amekosea kwa kiasi gani. Hiyo ya mwisho ndo niliyoipenda, nyaraka gani ingine ya serikali ama ya benki ishawahi kukwambia mwandishi wake anaweza kuwa amekosea?

Nikatafuta mtu. Nilipata bei tatu. Wa kwanza alitaka nipeleke mizani Nairobi, nikasema nikishafika Nairobi na mizani nitarudi na begi tupu. Wa pili, huyu sikiza, akaniambia nimtumie namba ya mizani na elfu mbili kwa M-Pesa, cheti kitakuja kwa WhatsApp jioni. Nikamuuliza na mizani hutaiona? Akasema Mama hizo mizani zote ni sawa. Nikamwambia mwanangu Allah akuongoze, nikakata simu. Wa tatu ni hii kampuni ninayoisemea hapa, iko bara, mizani mbili 6,500 wanakuja wenyewe mpaka dukani, na waliniambia wana ithibati ya KENAS. Hao KENAS ndo taasisi ya Kenya inayopima wapimaji, inakagua maabara kwa kiwango cha ISO/IEC 17025 na ikiridhika inaipa cheti chenye orodha ya vitu ambavyo maabara hiyo inaruhusiwa kupima. Shika hapo kwenye orodha, ntarudi.

Kijana alikuja saa tatu asubuhi. Begi begani, mkononi kisanduku cha mbao amekikumbatia kama mtu aliyebeba mahari. Akasalimia, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa (nyota nusu ni ya hapo), halafu kitu cha kwanza alichoomba ni nizime feni. Mombasa. Mwezi wa pili. Nikamwambia mwanangu, wataka tufie humu? Akacheka, akasema Mama feni inaipuliza mizani, tazama. Akawasha ile ndogo tupu haina kitu juu, namba zikawa zacheza, 0.0, 0.2, 0.1, minasi 0.1, hazitulii. Akazima feni. Zikatulia kwa sifuri kama maji ya mtungini. Na mie miaka mitatu napakia iliki chini ya ile feni.

Halafu hakuanza. Akaziacha zote mbili zimewaka nusu saa zipate joto, mie nashangaa hivi kumbe nazo zinataka kuamka polepole kama binadamu. Akachuchumaa akaangalia lile povu dogo la maji pembeni ya mizani ya kaunta, ambalo mie siku zote nilidhani ni urembo, likawa limekaa upande. Meza yangu imeinama. Akakunja karatasi ya boksi akaisukuma chini ya mguu mmoja wa meza, povu likarudi kati. Jasho linamtiririka, nikamletea maji ya ukwaju, akanywa mbali na meza.

Akafungua kisanduku. Ndani kitambaa laini, na mawe yamepangwa kila moja na tundu lake, yang'aa, lile dogo kabisa kama kidonge cha panadol. Amevaa glavu, yale madogo anayashika na kibano, manake ukiligusa jiwe na kidole chenye jasho unaacha mafuta na chumvi na uzito unabadilika. Nilimuuliza hili la kilo moja ni kilo moja ya kweli? Akasema ni daraja la M1, yaani linaruhusiwa kukosea miligramu 50, kama punje mbili za mchele hivi, si zaidi. Na kila jiwe na cheti chake, na aliyelipima jiwe hilo ana jiwe lake bora zaidi lenye cheti, unapanda hivo hivo kama ukoo.

Mizani ya kaunta ikafuata. Akaweka jiwe katikati, akaweka pembe nne moja moja kuona kama mizani ina upendeleo, ikasema kitu kile kile, vizuri. Akaweka kilo 5. Ikasoma 5.002. Nikasema ah hiyo gramu mbili ni nini bwana, akaniuliza hii Mama ulinunua wapi. Nairobi, kaka yangu alinunua akairekebishia huko huko akaniletea na basi. Akasema basi ndo hiyo.

Hapa nikafundishwa fizikia dukani kwangu. Zile mizani za elektroniki hazipimi wingi wenyewe wa kitu (tungamo), zinapima jinsi dunia inavyokivuta kile kitu chini. Na dunia haivuti sawa kila mahali. Ile 9.81 tuliyokaririshwa shule ni ya Ulaya huko, hapa kwetu pwani ni kama 9.78, na Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600 kwa hivyo mvuto wake ni mdogo kidogo kuliko wa huku baharini. Mizani ikirekebishwa Nairobi ikaletwa Mombasa, kila kilo itaonekana imeongezeka karibu nusu gramu. Kwa kilo 5 ndo hizo gramu mbili na ushee. Kwa mizani ya kilo 30 ni kama gramu 15, na anayepunjwa hapo ni mteja, na muuza hana habari maskini. Ikitoka kiwandani Ujerumani ikaja moja kwa moja bila kuguswa ndo kinyume, itakuonyesha pungufu kama gramu tatu kwa kila kilo, hapo unayeumia ni wewe. Ile mizani ya vitanga ya babu haina shida hii hata uipande nayo Kilimanjaro, manake jiwe na kitunguu vyavutwa sawa. Sijui kwa nini hakuna mtu anayetangaza jambo hili kule kunakouzwa mizani.

Ya kaunta ilikuwa ndani ya kiwango, akaiacha. Akaja kwa ile ndogo.

Jiwe la gramu 50. Ikasoma 48.6. Akalitoa akalirudisha. 48.6. La 100, ikasoma 97.3. La 500, ikasoma 486. Akanyamaza akaandika. Mie moyo umeshaanza kwenda mbio, nikajua nimewaibia watu, kumbe ni kinyume, mizani inaposema kidogo mie naongeza mpaka ifike 50, kwa hivyo kila pakiti niliyouza ilikuwa na gramu 51 na nukta nne. Nilikuwa nagawa sadaka na sijui.

Akaniuliza kwa adabu, Mama kuna mtu aliwahi kubonyeza hiki kitufe cha CAL? Nikatazama dari. Kuna mtu, ndiyo. Mwaka uliotangulia mizani ilikuwa yanipa wasiwasi, nikaona video moja inasema bonyeza CAL, itakuomba gramu 500, weka kitu cha gramu 500, kwisha. Sina jiwe la gramu 500, nikachukua pakiti ya chumvi ya nusu kilo hapo hapo dukani, si imeandikwa nusu kilo? Kijana hakucheka, akaniomba nilete pakiti kama ile, akaipima kwa mizani yake. 514. Ina plastiki yake, kiwanda nacho hujaza kidogo zaidi ili kisipatikane na kosa, na chumvi kwa hewa ya Mombasa hunywa unyevu, unaiona mwenyewe ikiganda. Kwa hivyo mie niliiambia mizani yangu kwamba gramu 514 inaitwa 500, na ikanitii mwaka mzima.

Usiku nikakaa na daftari. Iliki naweka kama pakiti 120 kwa wiki za gramu 50, ukizidisha na 1.4 ni gramu 168, na iliki nanunua 4,000 kilo, hiyo ni 672 kwa wiki. Pilau masala pakiti 600 kwa wiki, gramu 840 zinaenda bure, gharama yake kwangu ni 900 kilo, hiyo ni 756. Jumla 1,428 kila wiki. Zidisha na wiki 52. Zaidi ya elfu 74 kwa mwaka, na hapo sijagusa mdalasini. Na mie nilikuwa nimeomba kupunguziwa mia tano kwa ile 6,500, nikajiona mjanja.

Jambo ambalo sikulijua na ningeambiwa mapema ningeshukuru: kalibresheni yenyewe haitengenezi mizani. Inakwambia tu. Kurekebisha ni kazi nyingine, walinitoza 1,000 juu, na cheti kikaja na safu mbili, ilivyokutwa na ilivyoachwa. Dai hizo safu mbili, ukipewa ya pili peke yake hutajua ulikuwa unapoteza nini. Na jambo la tatu, yule kijana ndo aliniambia ile ndogo pia inatakiwa mhuri wa kaunti, mie nilidhani ni ile tu mteja anayoiona, kumbe kitu ukikipaki na kukiuza kwa uzito mizani yake ni ya biashara hata kama imefichwa jikoni. Na mizani yenye mhuri ikishafunguliwa na kurekebishwa inabidi irudi ikakaguliwe upya kabla ya kuuzia. Na mtu wa kutengeneza mizani awe na leseni, si kila mwenye bisibisi. Nikaipeleka, ikapita, ada haikuwa kitu cha kulia.

Sasa nilimuuliza kijana swali lililokuwa lanikera, huo ukoo wa mawe unaishia wapi, jiwe la mwisho kabisa linapimwa na nani na analipa nani? Manake nyanya yangu aliuza mchele kwa kibaba, vibaba vinne ni pishi, na kila siku kulikuwa na kelele ya kibaba cha mfuto na kibaba cha tele, muuzaji anapitisha kijiti juu kusawazisha, mnunuzi anataka kichuguu. Na kibaba cha duka hili si cha duka lile. Hakukuwa na wa kumwendea. Leo yuko. Kwa Kenya jiwe la juu liko KEBS, lile shirika la viwango la Kenya, Nairobi, ambao wapo tangu 1974 na ndo wanaotunza vipimo vya taifa, uzito, urefu, joto, umeme, muda. Nao wanalinganisha vyao na vya nchi nyingine kupitia ofisi ya kimataifa iliyoko Sèvres karibu na Paris, iliyotokana na Mkataba wa Mita wa tarehe 20 Mei 1875. Huko ndo kulikokuwa na kilo yenyewe, kipande cha platini na iridi kimefunikwa vioo, dunia nzima ikikifuata, mpaka 20 Mei 2019 wakakistaafisha na sasa kilo inatolewa kwa namba ya maumbile isiyobadilika inayoitwa konstanti ya Planck, ambayo haishiki kutu wala haiibiki. Ina maana wanasayansi waliachana na jiwe 2019, na mie miaka baadaye niko Majengo nalinganisha na chumvi.

Na anayelipa hiyo sehemu ya juu ni serikali, yaani mie na wewe. Hakuna duka litakalonunua maabara ya kupima kilo mpaka sehemu ya milioni. Kwetu sehemu ya pesa za KEBS yatoka kwa tozo ya viwango, ile asilimia 0.2 ambayo watengenezaji bidhaa hukatwa tangu 1990, kwa miaka mingi haikuzidi 400,000 kwa mwaka kwa kampuni moja halafu 2025 dari likapandishwa, wenye viwanda wakapiga kelele sana. Mie siungi mkono kelele yote. Nshaona elfu 74 zangu. Swali langu ni kwamba ile pesa ikishajenga maabara nzuri huko juu, nani anaileta chini mpaka kwa mpaki viungo? Mie nimeifikia kwa bahati ya dada mmoja wa supamaketi.

Mpwa wangu yuko Uingereza, anafanya kazi kiwanda cha vyakula, nikamweleza haya akaniambia shangazi huku wana mpango. Akanitumia nisome. Uingereza wana maabara ya taifa ya vipimo, National Physical Laboratory, ilianzishwa 1900 na iko Teddington, ndiko saa ya kwanza ya atomi iliyofanya kazi sawasawa ilikotengenezwa 1955, na ile mizani ya ajabu iliyosaidia kuistaafisha kilo ilibuniwa huko na Bryan Kibble 1975. Serikali yao inaiendesha pamoja na maabara nyingine chache chini ya mfumo mmoja wa vipimo vya taifa, unaolipiwa na wizara ya sayansi. Kilichonikamata ni jinsi biashara zinavyoingia. Wana kitu kinaitwa Analysis for Innovators, A4I kwa kifupi. Kampuni, hata ndogo, inakuja na tatizo la kipimo lililoishinda, mfano unyevu wa bidhaa haushikiki sawasawa ama bidhaa yaharibika na hawajui wapi, inalieleza kwa karatasi fupi, likipita inakalishwa na wanasayansi wa hizo maabara, na wakiona kuna la kufanya fedha ya umma inabeba kazi. Hawaombi uwe na shahada ya udaktari (PhD), wanaomba uwe na tatizo la kweli. Ulaya nako kuna ushirika wa vipimo ulioanza 2021, wenye viwanda wanaruhusiwa kutaja shida zao kabla utafiti haujaamuliwa. Hii ya Uingereza ni ya kampuni zilizosajiliwa huko, kwa hivyo msinitumie ujumbe kuniuliza fomu.

Lakini nikajiuliza, mie tatizo kama hilo ninalo? Ninalo. Pilau masala yangu nikiipaki mwezi wa tano mvua imeshika, pakiti ya gramu 50 ina unyevu zaidi, ikikaa rafu yenye kiyoyozi na karatasi inapumua, baada ya miezi miwili ni gramu 49 na kitu. Nani amemwibia mteja hapo, mie ama hewa? Hilo ni tatizo la kipimo kabisa, na wapaki wote wa pwani tunalo, wa korosho, wa tende, wa unga wa muhogo. Tungekuwa na dirisha la kulipeleka hata mara moja kwa mwaka ningekuwa wa kwanza foleni na kiti changu cha plastiki.

Kwetu milango iliyopo, nimeuliza sana. Kamati za kitaalamu za KEBS zinazoandika viwango hukaa watengenezaji, walaji na watu wa vyuo, na si lazima uwe kampuni kubwa, unaweza kuomba kuingia hasa kupitia chama chenu. Rasimu za viwango hutolewa kwa umma watu watoe maoni, na mie nimeamua ile ya viungo ikirudi mezani nitaandika kuhusu unyevu, waniite mshamba wakitaka. Fedha za utafiti za serikali zipo chini ya sheria ya sayansi ya 2013, iliyounda mfuko wa taifa wa utafiti na wakala wa ubunifu, lakini hapo njia nyepesi ni kushikana na chuo. Sisi tuna Chuo Kikuu cha Kiufundi hapo Tudor, matatu moja tu. Na tarehe 20 Mei ni Siku ya Vipimo Duniani, ni siku nzuri ya kwenda kuuliza maswali ya kijinga.

Haya, turudi kwa huduma, manake sijasema kwa nini si tano.

Cheti kiliahidiwa siku tano za kazi, kikaja siku ya kumi na nne, baada ya simu sita. Nasema simu sita manake nimezihesabu kwa simu yangu. Kilipokuja, namba ya mizani imekosewa tarakimu moja, 8 imekuwa 3. Mtu ataona ni jambo dogo, lakini cheti chenye namba isiyo ya mizani yako ni cheti cha mizani ya mtu mwingine, dada wa supamaketi alikirudisha siku hiyo hiyo, na alifanya sawa. Nikangoja wiki nyingine wakichapishe upya. Watu ambao kazi yao ni kutafuta miligramu wanapoteza tarakimu nzima, nikashindwa hata kukasirika.

La pili ndo lililonikera kweli. Nilikuwa na kipimajoto cha kikaushio, nikakiongeza, 2,500. Vyeti vya mizani vina alama ya KENAS pale juu, cha kipimajoto hakina. Nikapiga. Akajibu mtu wa ofisini, si yule kijana, akasema ah Mama hiyo joto bado haijaingia kwa orodha yetu lakini kazi ni ile ile. Kama ni ile ile mbona hamkuniambia kabla ya kulipa? Kimya. Halafu akasema angenirudishia nusu, mpaka leo nangoja. Ndo ile orodha niliyowaambia mshike. Usiulize mna ithibati, uliza ithibati ya kupima nini, na kutoka ngapi mpaka ngapi, na wakutumie hiyo karatasi kabla ya M-Pesa.

Yule kijana mwenyewe nampa tano zote. Alinionyesha jinsi ya kuchunguza mwenyewe kila Jumatatu, sasa nimenunua jiwe langu la gramu 100, naliweka kwa kisanduku cha pete, naandika kwa daftari ilichosoma. Wiki ya kwanza 100.0. Wiki ya pili 100.0. Ya tatu 99.9, nikampigia kwa hofu, akaniuliza feni imezimwa?

Haikuwa imezimwa.

Nitawaita tena mwaka huu, mizani tu, kipimajoto natafuta mwingine. Na ile pakiti ya chumvi tumeshapikia.